Wafuasi wengi, mteja hakuna

Dada, umesema una wafuasi 12,000 Instagram, unafundisha kuoka keki za harusi, na kozi yako ya wiki nane kwa shilingi 600,000 haijapata hata mtu mmoja. Mimi sioni kama bei ndiyo tatizo. Wengi wanaokufuata wanataka keki ya bethdei ya mtoto Jumamosi, basi. Tafuta wanaouza keki tayari: yule anayekuuliza kwa nini krimu yake inayeyuka na joto la Dar, au amtoze bibi harusi shilingi ngapi kwa keki ya ngazi tatu. Huyo mpigie simu, msikilize shida yake, ndipo utaje bei. Ukiibandika kwenye posti utaambulia "mbona ghali" tu.

Na hizo video 40 za kozi yako punguza. Za kuoka zimejaa YouTube, tena bure. Anachokulipia mwanafunzi ni wewe kuiona keki yake ilivyopinda na kumwambia amekosea wapi. Kwa hiyo chukua watu sita. Waache wakulipe kwa awamu mbili. Masharti ya kurudisha pesa yaandike mapema, maana watu wameshalizwa sana na kozi za mtandaoni. Na picha za kujionyesha na magari ya kukodi achana nazo kabisa.