Kwenye agari anaua, kwenye chupa kanyamaza: nini huwasha jeni za antibaiotiki?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma uzamili wa mikrobiolojia hapa Morogoro. Nimepata Streptomyces, bakteria anayeota kama nyuzi, kwenye udongo wa shamba. Kwenye agari (chakula kilichoganda) anamzuia bakteria Staphylococcus aureus vizuri, duara safi lisilo na bakteria huyo linaonekana. Nikimhamishia kwenye chupa ya brothi (chakula cha majimaji) anakua haraka, lakini nikichuja brothi hiyo baada ya siku mbili na kuipima, haiui chochote. Je, amepoteza jeni? Na jeni hizo huwashwa na nini?

JIBU: Marahaba. Kupoteza jeni kunawezekana, kwa sababu Streptomyces hukatika vipande vya ncha za kromosomu mara kwa mara, ila usianzie hapo. Chota kidogo kutoka kwenye chupa, urudishe kwenye agari. Duara likirejea, jeni zipo, na tatizo ni kwamba chupa yako imemshibisha.

Bakteria hawa hutengeneza antibaiotiki pale ukuaji unapopungua. Mfano uliochunguzwa sana ni Streptomyces griseus, ambaye mwaka 1943 Albert Schatz, akiwa mwanafunzi wa Selman Waksman huko Rutgers, Marekani, alimtumia kupata antibaiotiki ya streptomisini. Seli zikiwa changa, protini iitwayo ArpA hukaa kwenye DNA mbele ya jeni adpA na kuizuia isisomwe. Wakati huohuo seli hutoa kidogo kidogo molekuli iitwayo A-factor, iliyogunduliwa na Khokhlov na wenzake huko Urusi ya Kisovieti miaka ya 1960. Seli zikiongezeka, nayo huongezeka. Ikifika kiwango cha nanomola tu, hujishika kwenye ArpA, nayo ArpA hubanduka. Hapo adpA husomwa, na protini yake huwasha jeni nyingi kwa mpigo: za nyuzi za hewani, za spora, na jeni moja iitwayo strR. Protini ya strR ndiyo inayowasha kundi zima la jeni za streptomisini.

Kinachonivutia zaidi ni jirani wa strR. Jeni aphD husomwa pamoja nayo, na hutengeneza kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye streptomisini ili isimdhuru mwenyewe. Amri inayoanzisha sumu ndiyo hiyohiyo inayoleta kinga.

Wa kwako si lazima awe na A-factor; wengi wana molekuli za jamii hiyo zenye umbo tofauti kidogo, na wengine hutumia njia nyingine. Lakini ukimwaga spora chache kwenye brothi nyingi, ishara ya namna hii huchelewa kufikia kiwango. Anza na spora nyingi.

Juu ya ishara hiyo kuna njaa. Fosfati ikiwa tele, mfumo wa PhoR na PhoP, protini mbili zinazohisi upungufu wa fosfati, hulala, na katika spishi nyingi antibaiotiki hazitengenezwi. Glukosi nayo huzuia mara nyingi. Sasa angalia brothi yako: kama umeweka bafa (kidhibiti cha asidi) ya fosfati na glukosi, umemwambia asifanye kazi. Badili bafa iwe MOPS, isiyo na fosfati, weka wanga badala ya glukosi, au jaribu unga wa soya na manitoli. Na siku mbili ni mapema mno. Chukua sampuli kila siku hadi siku ya saba au ya kumi.

Kuna ngazi nyingine ambayo wanafunzi huiruka. DNA ya Streptomyces ina herufi G na C zaidi ya asilimia 70, kwa hiyo kodoni TTA (kodoni ni herufi tatu zinazotaja asidi amino moja ya protini) ni adimu sana. Streptomyces coelicolor ameiweka ndani ya actII-ORF4, jeni inayowasha utengenezaji wa aktinorodini, ile rangi ya buluu. Kodoni hiyo husomwa na tRNA moja tu (molekuli inayoleta asidi amino protini inapojengwa), inayotoka kwenye jeni bldA. Ukiharibu bldA, bakteria anakua vizuri tu, ila hana nyuzi za hewani wala buluu. RNA, yaani nakala ya jeni, inaweza kuwepo na protini isiwepo, kwa hiyo ukipima RNA peke yake usikimbilie kusema jeni imewaka na kazi imekwisha.

Kuhusu chupa yenyewe: Streptomyces wengi hawatoi spora kwenye kimiminika, na hujikunja kuwa mabonge ambayo katikati hayapati hewa. Jaza chupa moja ya tano tu, na weka ndani springi ya chuma cha pua ili ivunje mabonge inapotikiswa. Ukitumia ethili asetati, kiyeyushi kinachojitenga na maji, kuvuta dawa, kumbuka kwamba zinazopenda maji, kama streptomisini, hubaki kwenye maji. Pima sehemu zote mbili.

Kabla ya hayo yote, fanya jaribio moja la bei rahisi. Mwoteshe Streptomyces peke yake kwenye agari kwa siku saba, kata kipande cha agari hiyo, kiweke juu ya sahani uliyopaka Staphylococcus. Kikitoa duara, anatengeneza bila kuchokozwa, na kazi yako ni kurekebisha brothi. Kisipotoa, huenda anasubiri jirani; hapo mwongezee kwenye chupa seli za Staphylococcus ulizoziua kwa joto, ulinganishe na chupa isiyo nazo.