Namna ya kulifumbua na kulieleza fumbo la maneno lenye dhamira

Wapenzi wengi wa chemshabongo za magazetini huweka kalamu chini pale kiraba cha mwisho kinapopata herufi yake. Kwa mafumbo ya kawaida ya maneno hilo linatosha. Lipo kundi jingine, hata hivyo, ambalo mtunzi wake huyafunga majibu marefu kwa wazo moja lililofichwa, yaani dhamira, na kwa hayo nimezoea kusema, pengine kwa ukali kidogo, kwamba asiyeweza kulieleza wazo hilo kwa sentensi moja hajalifumbua fumbo, amelijaza tu. Sentensi hiyo si pambo la kuongezwa baada ya kazi kwisha. Ni chombo cha kazi, na faida yake kubwa huonekana katikati ya safari, wakati nusu ya viraba bado ni vitupu na vidokezo vilivyobaki vimekataa kusema lolote.

Utamaduni wa mafumbo yenye dhamira umekomaa zaidi katika magazeti ya Marekani. Fumbo la kwanza la maneno kwa jumla, lililotungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, lilichapwa katika New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi na si mraba tunaoujua leo. New York Times, ambalo mwaka 1924 liliidhihaki burudani hii kuwa ni upotevu wa muda, lilianza kuchapa fumbo lake lenyewe Jumapili ya tarehe 15 Februari 1942, likimkabidhi Margaret Farrar uhariri. Kanuni alizozisimamia bado zinafuatwa hadi sasa: mchoro wa viraba vyeusi ubaki vilevile hata ukurasa ukigeuzwa juu chini, kila herufi iwe sehemu ya neno la mlalo na neno la wima kwa wakati mmoja, na neno lisipungue herufi tatu. Chini ya Will Shortz, aliyekabidhiwa kiti hicho mwaka 1993, gazeti hufuata ngazi ya wiki ambayo anayeanza anapaswa kuijua: Jumatatu ni jepesi, ugumu huongezeka siku hadi siku, Alhamisi mara nyingi huwa na hila isiyotarajiwa, Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hayana dhamira kabisa, na la Jumapili ni kubwa, viraba 21 kwa 21 badala ya 15 kwa 15, na hupewa kichwa. Kichwa hicho usikipite. Ni kidokezo cha bure.

Kanuni ile ya kugeuza ukurasa ndiyo inayokuonyesha dhamira iko wapi kabla hujaandika hata herufi moja. Kwa kuwa mtunzi analazimika kuyapanga majibu ya dhamira kwa ulinganifu, jibu la herufi nane lililo juu lazima liwe na mwenzake wa herufi nane chini, na kama idadi ya majibu hayo ni witiri, moja litakaa katikati kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kusoma vidokezo, ninapitisha jicho kwenye mistari mirefu ya mlalo na kuiwekea alama ndogo ya penseli pembeni. Aghalabu hilo la katikati, au la mwisho chini, ndilo linalobeba ufunguo, yaani neno ambalo kidokezo chake kinakueleza, kwa fumbo au waziwazi, majibu mengine yana nini.

Mafumbo ya Kiswahili ninayokutana nayo magazetini mengi hayana dhamira, na yaliyo nayo huwa na dhamira ya orodha tu: samaki, viungo vya mwili, miji ya pwani. Orodha si mbaya, ila haina la kueleza. Hata hivyo, lugha yetu ina mambo yake yanayomsaidia mfumbuzi kuliko Kiingereza, na kila anayejaribu mafumbo haya ayajue. Takriban kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo kiraba cha mwisho cha neno kina herufi tano tu za kukigombania. Muhimu zaidi ni ngeli. Mtunzi akiandika "Kinatoa moshi kuliko nuru," amekwisha kukupa herufi mbili za mwanzo bila kukusudia, maana kitu kinachotoa moshi kwa ki- kina kila sababu ya kuwa KIBATARI. Mtunzi mjanja atakimbilia hu-, aandike "Hutoa moshi kuliko nuru," kwa sababu kiambishi hicho hakibebi ngeli yoyote. Ukiona mtu ametumia hu- katika kila kidokezo, jua unashindana na mtu anayeijua kazi yake. Vivyo hivyo, kidokezo chenye "humo" au "huko" kinaashiria jibu linaloishia kwa -ni, na kidokezo kinachoanza kwa kitenzi cha ku- kinadai jibu la ku-.

Nichukue mfano nilioutunga mwenyewe kwa ajili ya gazeti la ukutani la shule ninakofundisha. Majibu ya dhamira ni matano, yote ya mlalo. La juu lina herufi nane: "Mto wa Dar es Salaam, ukifurika, Jangwani hapapitiki." La pili lina saba: "Humo ndimo alimo bosi, kwa mujibu wa katibu muhtasi." La katikati, saba: "Serengeti ni mojawapo, na fumbo hili ni nyingine." La nne, saba: "Kutokukua kwa sababu ya lishe duni." La chini, nane: "Kumwendea mtu kwa hatua za kimya." Majibu ni MSIMBAZI, OFISINI, HIFADHI, KUDUMAA na KUNYATIA.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye hutangulia wanafunzi kwenye ukuta ule, alinifuata na daftari lake. "Mwalimu, nimemaliza, ila hicho kidokezo cha hifadhi kimeingia chenyewe tu kwa herufi za wima. Sijakielewa."

"Ndani ya Msimbazi kuna nani?" nilimuuliza.

"Kuna taka, mwalimu. Na masika kuna maji."

"Soma herufi, usiusome mto."

Akapeleka kidole kiraba kwa kiraba. "Ala! Simba." Fisi akampata papo hapo, duma akafuata, na nyati akamsumbua kidogo kwa sababu macho yake yalikuwa yamezoea kuliona neno kunyatia kama kitenzi kizima kisicho na kitu tumboni. Tangu hapo hakuhitaji maelezo yangu. Sentensi ya dhamira aliitamka mwenyewe: kila jibu refu limemficha mnyama wa porini, na HIFADHI ndiyo inayosema hivyo.

Sasa tazama sentensi hiyo ingemfaa vipi kama angeipata mapema. Tuseme amekwama kwenye jibu la chini, ana KU mwanzoni, viraba vinne vitupu, na IA mwishoni. KUFUNGIA linaingia, KUSHIKIA linaingia, KUPANDIA linaingia, na yapo mengine chungu nzima. Mtu aliyekwisha kuwaona simba na fisi hapotezi muda na hayo. Anauliza ni mnyama gani wa Serengeti anayeweza kukaa ndani ya umbo hilo, na nyati anajitokeza. Ndiyo maana nashauri kwamba, ukipata majibu mawili ya dhamira, usimame. Acha kabisa kujaza. Yaandike kando ya ukurasa, moja chini ya jingine, uyatazame kwa herufi zake na si kwa maana zake, kisha utafute yanashirikiana nini: neno lililofichwa ndani, herufi iliyoongezwa au kuondolewa, maneno yanayotamkika sawa, au methali iliyopinduliwa.

Sentensi ya dhamira lazima iwe kali kiasi cha kuyakataa majibu yasiyostahili, na hapa ndipo mfumbuzi anapojifunza kuipima kazi ya mtunzi. Rasimu yangu ya mwanzo ilikuwa na MPAKANI mahali pa KUDUMAA, lenye kidokezo kizuri tu kuhusu Namanga na Tunduma. Lakini paka wa nyumbani hana kazi Serengeti, na angebaki humo fumbo lingekuwa na wanyama watatu wa porini na mmoja wa jikoni. KUKUMBUKA lina kuku mwanzoni, HEKIMA lina kima mwishoni. Yote mawili ni maneno ya kuvutia, na yote mawili hayafai, kwa sababu katika majibu mengine mnyama amezibwa pande zote mbili, herufi mbele na herufi nyuma. KITAIFA lina tai, ila tai ni ndege, na ukimwingiza yeye huna tena sababu ya kumzuia bata aliyemo ndani ya kibatari. Kuna wasomaji watakaoona huu ni uchokozi wa mwalimu wa lugha. Mimi naona ulinganifu huo ndio unaomwezesha mfumbuzi kubashiri; ukiulegeza, dhamira inabaki kuwa taarifa anayopewa mtu baada ya mchezo kwisha.

Kuhusu kueleza kwa wengine, kosa ninaloliona mara nyingi ni kutoa jibu na kunyamaza. Jibu tupu halimfundishi mtu. Wiki ijayo atarudi na swali lilelile. Anza kwa kumwonyesha pa kutazama, kama nilivyofanya na mwalimu mwenzangu. Akishindwa, mwambie aina ya hila bila kumtajia lililofichwa, kwa mfano kwamba kuna maneno ndani ya maneno. Jibu lenyewe liwe la mwisho, na likitolewa liambatane na njia yake: neno gani katika kidokezo lilibeba maana mbili, kiambishi gani kilidokeza ngeli, kwa nini mtunzi alichagua njia hii na si ile. Katika mfano wetu, ni vizuri kueleza kwa nini kidokezo cha MSIMBAZI kinataja mto na si mtaa. Makao ya klabu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mpenzi yeyote wa soka angeiona Simba kabla hajamaliza kusoma kidokezo, na ladha yote ingeishia mstari wa kwanza.

Anayeeleza mafumbo ya magazeti ya Marekani ana wajibu wa ziada, nao ni kutenganisha kilichoweza kubuniwa na kile ambacho ilibidi mtu awe anakijua tu. ERA, kipimo cha mrushaji mpira katika mchezo wa besiboli, na OREO, biskuti, hujirudia mno kwenye mafumbo hayo kwa sababu irabu zake zinamrahisishia mtunzi ujenzi. Mkazi wa Tanga hana sababu ya kuona aibu kwa kutoyajua. Ayaandike kwenye daftari dogo la maneno ya namna hiyo, kwani yatarudi. Lakini dhamira ni jambo jingine. Hiyo ilijengwa ili ifikirike, na mwelezaji anayeichanganya na mambo ya kukariri humfanya mwanafunzi aamini kwamba fumbo zima ni mtihani wa kujua utamaduni wa watu wengine.

Yapo pia mafumbo ambayo maelezo yake yana uzito kuliko majibu. Wasomaji wa Kenya na Zanzibar waliozoea kusema afisi wataona mara moja kwamba AFISINI nalo lina herufi saba, nalo lina fisi. Katika mfano wangu nilifunga mlango huo kwa neno la wima linaloanzia kwenye kiraba hicho hicho, ORODHA, lisilokubali A mwanzoni. Mtunzi mwingine aliufungua mlango wa namna hiyo kwa makusudi. Tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, New York Times lilichapa fumbo la Jeremiah Farrell, profesa wa hisabati, ambamo majibu mawili ya katikati yaliunda habari kuu ya gazeti la kesho yake. La pili lilikuwa ELECTED, yaani amechaguliwa. La kwanza, la herufi saba, lilikuwa jina la mshindi, na kura zilikuwa bado hazijahesabiwa. Wapo waliojaza CLINTON wakalalamika kwamba gazeti linatabiri matokeo, wakati waliojaza BOBDOLE, yaani Bob Dole, mpinzani wake, nao walikuwa sahihi sawasawa. Kidokezo cha wima cha herufi ya kwanza kiliuliza mnyama mweusi wa Halloween, na CAT, paka, ni jibu halali kama BAT, popo. Cha herufi ya pili kilitaka neno la somo la mwanzo la Kifaransa, na LUI, yeye, na OUI, ndiyo, yote yanafaa. Anayelieleza fumbo hilo kwa kutaja jina moja, hata kama ndilo la aliyeshinda, ameeleza nusu yake tu. Itambidi avipitie vidokezo vyote saba vya wima vinavyolikata jina hilo na kuonyesha, kimoja baada ya kingine, jinsi kila kimoja kinavyopokea herufi mbili.