Nani aliyepanda mbegu ya kwanza?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Darasani tumefundishwa kwamba binadamu wa kale aliishi kwa kuwinda na kuokota matunda, kisha akagundua kilimo na maisha yakawa mepesi. Nani hasa aligundua? Na kama kilimo ni kizuri hivyo, mbona alichelewa? Halafu rafiki yangu anabisha kwamba hata Zinjanthropus alikuwa analima. Naomba utuamue.
Mwanafunzi, kidato cha pili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo neno “kuokota” linawadhulumu wale wazee. Mwaka 1989 maji ya Bahari ya Galilaya yalipungua sana, ikaonekana kambi ya watu walioishi pale miaka 23,000 hivi iliyopita. Panaitwa Ohalo. Ndani ya vibanda vyao mlikuwa na punje za shayiri mwitu na ngano mwitu, pamoja na jiwe la kusagia. Huko Jordan nako yamepatikana mabaki ya mkate ulioungulia jikoni miaka 14,400 iliyopita, maelfu ya miaka kabla ya shamba lolote. Watu hawa waliijua mbegu vizuri. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akashangaa kuiona inaota.

Basi mbona hawakulima? Walime ya nini? Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mimea Mmarekani, Jack Harlan, alipanda milima ya kusini-mashariki mwa Uturuki, akavuna ngano mwitu kwa mkono na kwa mundu wa jiwe. Alipopiga hesabu aliona kwamba familia moja ingeweza, kwa wiki tatu hivi, kukusanya nafaka nyingi kuliko itakayoila mwaka mzima. Mtu mwenye mlima kama huo hana haja ya jembe.

Sasa nikuonyeshe kitu nilichokitazama miaka mingi hadi macho yakaisha. Unachukua udongo wenye majivu kutoka kwenye jiko la kale, unaumimina kwenye ndoo ya maji, unakoroga taratibu. Udongo unazama, mbegu zilizoungua zinaelea, unazikinga kwa chekeche laini. Zikikauka unazipeleka kwenye hadubini, ukitafuta mahali punje iliposhikana na suke. Ngano mwitu ikiiva hupukutika yenyewe, kwa hiyo kovu lake ni laini kama ukucha uliokatwa vizuri. Ngano ya shambani haiachii mpaka ipurwe, kwa hiyo kovu lake limechanika.

Hapo ndipo jibu lako lilipo. Mvunaji akikata kwa mundu, suke linalopukutika humwaga mbegu chini. Lile lenye ukaidi ndilo linalofika nyumbani, na ndilo litakalopandwa msimu ujao. Rudia hivyo kizazi baada ya kizazi, kwa zaidi ya miaka elfu moja, na masuke yanayopukutika yanazidi kuwa machache. Katika mashimo ya kale makovu laini na yaliyochanika hukutwa yamechanganyika muda mrefu sana. Usinidai jina la mgunduzi. Tena mambo kama haya yalitokea kwingine bila wao kuambizana: mpunga China, mahindi Mexico, ndizi New Guinea.

Kuhusu maisha kuwa mepesi, mimi nabishana na kitabu chako. Huko Abu Hureyra, Syria, watu waliishi kijiji kilekile wakati wa kukusanya na wakati wa kulima. Mtaalamu wa mifupa ya kale, Theya Molleson, aliichunguza mifupa yao, akakuta, hasa kwa wanawake, viungo vya vidole gumba vya miguu vimelika, magoti na mgongo wa chini vimeumia. Ni alama za kupiga magoti saa nyingi kila siku, ukisaga nafaka kwa kusukuma jiwe mbele na nyuma.

Niliwahi kujaribu na wanafunzi wangu. Nusu saa haijafika, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na unga haukujaza kikombe. Nusu yake ulikuwa chenga, na mchanga wa jiwe ulikuwa humohumo. Sehemu nyingi meno ya wakulima wa mwanzo yameoza kuliko ya wawindaji waliowatangulia.

Mbona hawakurudi porini basi? Nadhani ni watoto. Mama asiyehamahama, mwenye uji wa kumwachisha mtoto ziwa mapema, huzaa kwa kukaribiana. Wajukuu wakishakuwa wengi kijijini, pori la babu haliwatoshi tena, hata kama wanalitamani.

Mwambie rafiki yako kwamba Zinjanthropus, ambaye Mary Leakey alimpata Olduvai mwaka 1959, aliishi miaka milioni 1.75 hivi iliyopita, na kilimo hakijafika hata miaka 13,000. Wala si babu yetu wa moja kwa moja, ni ndugu wa mbali tu. Ila asikate tamaa kabisa: meno ya jamaa huyo yanaonyesha alikula sana mimea ya jamii ya nyasi na ndago. Alikula tu, hakupanda.