Noti zilezile tano, raga mbili

SWALI: Shikamooni. Najifunza raga Bhupali kwa kinanda (raga ni mpangilio wa noti na mwendo wake katika muziki wa asili wa India). Napiga Sa Re Ga Pa Dha bila kugusa noti ya nje, lakini mwalimu hunikatiza: "Umeshaingia Deshkar." Noti si ni zilezile? Nakosea wapi?
Msomaji, Upanga, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Noti hujakosea, umekosea pa kutua. Kati ya noti saba za Kihindi, Sa Re Ga Ma Pa Dha Ni (kama do re mi fa sol la ti, Sa ikiwa ndiyo ya msingi), Bhupali haina Ma wala Ni. Ma hupakana na Ga kwa nusu-sauti, na Ni hupakana na Sa vivyo hivyo. Zikiondoka hizo mbili, hakuna noti inayoivuta jirani yake, kwa hiyo kinachoipambanua raga ni uzito unaoipa kila noti.

Katika Bhupali noti kuu ni Ga, msaidizi wake Dha, na mwendo hukaa zaidi nusu ya chini ya ngazi. Deshkar hugeuza: kuu ni Dha, Re hudhoofika, wimbo ukapanda juu. Bhupali ni ya mapema usiku, Deshkar ya asubuhi. Bila shaka wewe hupanda Ga Pa Dha kisha ukalala pale kwenye Dha, na hapo ndipo mwalimu anapokushika.

Washa tanpura ya simu (mvumo wa nyuzi unaoshikilia noti za msingi mfululizo), Sa na Pa, upige polepole: Sa Re Ga, kaa Ga mapigo manne, Re Sa, Dha ya chini, Sa Re Ga, Pa Ga, Dha Pa Ga Re Sa. Dha ya katikati iwe ya kupitia tu, ikuteremshe kwenye Pa au ikupandishe Sa ya juu. Kisha, kwa kulinganisha, piga Ga Pa Dha, kaa hapo, Pa, Dha Sa Dha Pa. Sikio litakwambia lenyewe.

Kuna shimo jingine. Mwimbaji huteleza kutoka Pa hadi Ga. Akiisikilizisha Ma kali (iliyopandishwa nusu-sauti) njiani, na Ni anaposhuka toka Sa, ameelekea raga nyingine, Shuddh Kalyan. Kinanda chako hakitelezi, basi hapo umesalimika, ingawa utamu nao umeukosa. (Ndiyo lawama iliyoiponza harmonia, kinanda cha kupuliza hewa kwa mkono: All India Radio, redio ya taifa ya India, iliipiga marufuku kuanzia 1940 hadi 1971.)

Jaribu na hili. Anzia Sa kwenye kibao cheusi cha kwanza cha lile kundi la vitatu: vibao vyeusi vyote ndiyo Bhupali. Usibadilishe kibao, hamishia Sa kwenye cheusi cha tatu cha kundi hilohilo, utapata Malkauns, raga nzito ya usiku wa manane. Hapo tanpura iwekwe Sa na Ma, kwa kuwa Malkauns haina Pa. Ukisahau ukaiacha kwenye Pa, kila utakachopiga kitagombana nayo, utadhani kinanda kimeharibika.