Maswali ya Wasomaji: Mgodi wenye hasara hulipaje gawio?

SWALI: Nasomea uhasibu jijini Mwanza. Tunafundishwa kwamba viwango vya kimataifa vimewekwa ili hesabu za kampuni zisomeke na kulinganishwa popote duniani. Iweje basi kampuni ya madini itangaze hasara kwa mamlaka ya kodi ya nchi inayochimba, huku wanahisa wake wa ng'ambo wakipokea gawio, yaani mgao wa faida? Na je, pepo za kodi, yaani nchi zinazotoza kodi ndogo sana au zisizotoza kabisa, zinahusika vipi?

JIBU: Jambo unaloliuliza limeshafika mahakamani hapa nchini. Kati ya mwaka 2010 na 2013, African Barrick Gold, iliyosajiliwa Uingereza na kuuza hisa zake katika soko la London, iligawa gawio la zaidi ya dola milioni 400, ilhali migodi yake ya Tanzania, ambayo ndiyo iliyokuwa ikizalisha dhahabu yake, kwa sehemu kubwa ilikuwa ikieleza kwamba haina faida ya kutozwa kodi. Mamlaka ya Mapato Tanzania iliidai kodi ya zuio (inayokatwa na mlipaji kabla ya malipo kumfikia mpokeaji) ya dola milioni 41.25 juu ya gawio hilo, na kampuni ikapinga kwamba yenyewe si mkazi wa Tanzania kikodi. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliipa Mamlaka ushindi, na baadaye Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo.

Sehemu ya maelezo ni halali kabisa, na ni vyema uijue kabla ya kumlaumu yeyote. Faida ya kihasibu na faida ya kikodi ni vitu viwili. Sheria ya kodi ya wakati huo iliuruhusu mgodi kuondoa gharama zote za mtaji katika mwaka zilipotumika, wakati mhasibu huzigawa gharama hizohizo kwa miaka mingi ya maisha ya mgodi. Kwa hiyo kampuni moja huweza kuonyesha faida kwa wanahisa na hasara kwa mkusanya kodi bila kusema uongo popote. IAS 12, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu kodi ya mapato, huitaka ieleze tofauti hiyo kama kodi iliyoahirishwa, yaani kodi ambayo itaangukia miaka ijayo.

Sehemu ya pili ndiyo inayonisumbua. Chukua mfano wa kampuni tanzu (inayomilikiwa na kampuni mama) ya Tanzania iliyokopa dola milioni 100 kwa riba ya asilimia 10 kutoka kwa kampuni dada, yaani nyingine ya mama huyohuyo, iliyosajiliwa katika pepo ya kodi ya Visiwa vya Cayman, ambako hakuna kodi ya mapato ya kampuni. Kila mwaka dola milioni 10 hutoka kama gharama ya riba, na kwa kiwango cha kodi cha asilimia 30 serikali hukosa dola milioni 3, huku ikirudishiwa milioni 1 tu kupitia kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye riba. Sheria huweka mpaka kwa kupima uwiano wa deni na mtaji, lakini deni lililo ndani ya mpaka huo hupita.

Sasa fungua taarifa ya mwaka ya kampuni mama. Kwa mujibu wa IFRS 10, kiwango cha kimataifa kuhusu hesabu za kundi la kampuni, miamala yote kati ya kampuni za kundi moja hufutwa hesabu zinapounganishwa, kwa kuwa riba iliyo gharama Tanzania ni mapato Cayman na jumla yake ni sifuri. Kwa mwekezaji wa London hilo ni sahihi, maana yeye hutaka kujua kundi zima limepata nini. Kwa raia wa Geita au Kahama, kilichofutwa ni kile hasa alichohitaji kukiona, yaani muamala ulioihamisha faida. IFRS 8, kiwango kuhusu mchanganuo wa sehemu za biashara kilichoanza kutumika mwaka 2009, huitaka kampuni itaje mauzo na mali za kudumu kwa nchi zenye uzito, lakini haiilazimishi kutaja faida wala kodi ya kila nchi. Viwango hivi haviwekwi na bunge lolote. Huandikwa na bodi yenye makao London kwa ajili ya wawekezaji na wakopeshaji, na naamini hapo ndipo penye kasoro ya msingi.

SWALI: Nimesikia kwamba kampuni kubwa sasa hutakiwa kutoa taarifa za nchi kwa nchi, zinazoonyesha faida na kodi ya kila nchi. Je, naweza kuzisoma?

JIBU: Kwa sehemu ndogo tu. Mpango wa mwaka 2015 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi linaloundwa hasa na nchi tajiri, huyahusu makundi yenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka, na taarifa hizo hubaki siri baina ya mamlaka za kodi zenye makubaliano ya kubadilishana. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2021 la kuzitangaza hadharani, ila linataka mchanganuo wa nchi wanachama pamoja na zile zilizo katika orodha yake ya nchi zisizotoa ushirikiano wa kikodi. Nchi nyingine zote hujumlishwa katika tarakimu moja, na hapo mgodi ulio nje ya orodha hiyo hauwezi kutambulika. Ukitaka kuchunguza kampuni fulani, anza na orodha ya kampuni tanzu iliyo mwishoni mwa taarifa yake ya mwaka, utazame zimesajiliwa wapi, kisha usome maelezo ya kodi yanayolinganisha kiwango cha kisheria na kile kilichotozwa hasa.