Ukungu kwenye mfuko usiopitisha hewa
Mahindi yakiota ukungu ndani ya mfuko wa kuhifadhia usiopitisha hewa, tatizo si mfuko, ni unyevu. Mfuko huo haukaushi mahindi. Ukiyafunga mabichi, unafungia ndani ukungu na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika 2 au 3, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiponata bado ongeza siku moja ya jua juu ya turubai, maana kipimo hiki hakitofautishi 13 na 15.

Kabla ya kujaza, puliza hewa kila mfuko wa plastiki ulio ndani ya gunia uone kama unavuja. Pepeta, toa vipande vya magunzi maana vinatoboa. Shindilia, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake kwa kamba, kisha weka juu ya chaga. Usifungue kabla ya mwezi: dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hufa kwa kukosa oksijeni, na kila ukichungulia unampa nyingine. Panya, hapo utahitaji paka.