Re: Lori inazima mlimani tangi ikifika nusu

Boss, kama ukijaza tangi lori inapanda mlima wa Mau Summit bila shida lakini ikifika nusu inakohoa na kuzima, usikubali fundi afungue pampu kwanza, hiyo ni pesa mingi bure. Weka dizeli safi kwa mtungi, ingiza paipu ya kuvuta na ile ya kurudisha humo, washa uone. Ikinguruma sawa basi shida iko kwa tangi. Chomoa ile paipu ya kunyonya mafuta iliyo ndani ya tangi, angalia urefu wake wote, hasa hapo katikati, kutu huitoboa katundu kadogo sana, mafuta ikishuka chini ya hapo inavuta hewa. Chujio ya chini ya hiyo paipu nayo huziba na matope. Ukirudisha, toa hewa kwa filta ndio upige stata.